Uvimbe Unapowachosha Walinzi wa Mwili



Mwezi huu naanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja kijana kutoka upande wa Zagayu alipanda bodaboda alfajiri na mtoto wake wa kiume wa miaka sita, akafika hospitalini kwetu kabla ya saa tatu. Jino la juu la mtoto, la nyuma upande wa kushoto, lilikuwa linacheza, na shavu lilikuwa limevimba kidogo. Hakuwa na homa. Alikuwa anakula vizuri. Siku hiyo ilikuwa ya mnada na foleni ilifika hadi mlangoni. Nilimmulika kinywani kwa tochi, nikamwambia mwenzangu wa zamu kwamba ni jino bovu, akaandika dawa ya usaha ya siku saba. Mama akashukuru, akaenda zake.

Aliporudi zilikuwa zimepita wiki tatu. Shavu lilikuwa kama chungwa, meno manne yalikuwa yanacheza, na jicho la kushoto lilikuwa limeanza kusukumwa nje. Katika wiki hizo tatu mtoto alimaliza dawa zetu, akanunuliwa nyingine dukani, kisha bibi yake akamkanda kwa majani ya moto. Kila mmoja alifanya alichojua. Mimi ndiye niliyepaswa kujua zaidi, nami sikumwambia mama yule neno moja tu: "Uvimbe usipopungua ndani ya wiki moja, rudi."

Tulipokuwa tunaandika barua ya kumpeleka Bugando, Mwanza, yule mama aliniuliza hivi: "Sista, mwanangu hakuwa mtoto dhaifu. Malaria imempata mara ngapi, na kila mara amepona. Sasa mwili wake ulikuwa wapi kitu hiki kikikua?"

Siku ile sikuwa na jibu la kumtosha. Swali lake ni zuri, na watu wengi wenye mgonjwa wa saratani hujiuliza hivyo hivyo: mwili unaoshinda mafua, vidonda na malaria, kwa nini unashindwa na uvimbe? Makala hii ni jibu ambalo ningependa kumpa siku ile.

WALINZI HAO NI AKINA NANI?

Damu yetu ina chembe nyekundu, ambazo hubeba hewa, na chembe nyeupe, ambazo kazi yake ni ulinzi. Chembe nyeupe ni za aina nyingi. Leo tutazungumzia hasa aina moja iitwayo chembe T. Chembe hizi huanzia ndani ya uboho wa mifupa, kisha huhamia kwenye tezi ndogo iliyo kifuani, nyuma ya mfupa wa kidari, iitwayo thaimasi. Hiyo herufi T imetokana na jina la tezi hiyo. Kwa miaka mingi wataalamu walidhani kwamba tezi hii haina kazi ya maana. Mwaka 1961 Jacques Miller, aliyekuwa akifanya utafiti London, alionyesha kwamba panya aliyeondolewa thaimasi akiwa mchanga hukosa kinga. Huko thaimasi chembe T hufundishwa kumtambua mwenyeji na mgeni. Zile zinazoonekana zitaushambulia mwili wenyewe huondolewa huko huko.

Familia nyingi zimeshazisikia chembe T bila kujua. Kwa miaka mingi kadi za kliniki ya UKIMWI zimekuwa zikiandikwa hesabu ya CD4. Hizo CD4 ni chembe T za kundi moja. Kazi yake ni kuwaita na kuwapanga walinzi wengine. Kundi la pili huitwa CD8. Hawa ndio wanaokwenda kwa chembe yenye hatari, wanaigusa, wanatoboa ganda lake na kuingiza ndani protini za kuiua.

Kwa sisi wa Usukumani mfano ulio karibu ni sungusungu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijiji vyetu vimejua maana ya vijana wanaozunguka usiku, kupuliza filimbi na kufuata nyayo za ng'ombe walioibwa. CD4 ni kama wakuu wa sungusungu wanaopuliza filimbi. CD8 ni vijana wanaokwenda mbio.

Walinzi hawa wanajuaje kwamba chembe fulani ni mbaya, wakati ubaya uko ndani? Kila chembe ya mwili huweka nje, juu ya ganda lake, vipande vidogo vya protini zilizomo ndani yake. Ni kama kila kaya ingetakiwa kuweka mlangoni punje za kila kitu kilichomo ghalani. Mlinzi anapita, anatazama. Akiona punje za mahindi na choroko anaendelea na safari. Akiona kitu cha wizi, kama kipande cha kirusi au cha protini iliyoharibika, anaingia kazini. Kazi hii hufanyika mwilini mwako usiku na mchana, hata sasa unaposoma.

MWIZI ALIYEZALIWA KIJIJINI

Kirusi au kijidudu cha malaria ni mgeni. Saratani si mgeni. Ni chembe ya mwili wako mwenyewe, ambayo maagizo yake ya urithi yameharibika, ikaacha kutii na kuanza kuzaana bila kikomo. Basi mlinzi anakutana na mtoto wa jirani, mwenye sura ya jirani na lugha ya jirani. Hiyo ndiyo shida ya kwanza.

Hata hivyo walinzi hawashindwi mara moja. Chembe nyingi zilizoharibika hukamatwa mapema, tusijue hata kwamba zilikuwapo. Uvimbe tunaouona kwa macho ni ule uliotokana na chembe chache zilizoponyoka. Kadiri unavyokua ndivyo unavyojifunza kuwadhoofisha walinzi. Hufanya hivyo kwa njia hizi:

1. Unajificha. Chembe za saratani hupunguza vile vipande ambavyo zingepaswa kuviweka nje. Mlangoni hapana kitu. Mlinzi anapita mbele ya kaya yenye ng'ombe wa wizi asione lolote.

2. Unamshika mlinzi breki. Chembe T ina swichi ya kuizuia isipitilize, maana mlinzi asiyejua kuacha anaweza kuchoma kijiji kizima. Swichi mojawapo huitwa PD-1, iliyogunduliwa Japani mwaka 1992 katika maabara ya Tasuku Honjo. Chembe za mwili zilizo salama hubonyeza swichi hiyo ili zisidhuriwe. Saratani nyingi zimejifunza kufanya vivyo hivyo: mlinzi anafika, anamwona mwizi, lakini mwizi anambonyeza swichi na mkono unalegea.

3. Unamnyima chakula. Chembe T ikipigana huhitaji sukari nyingi ya damu. Uvimbe unaokua una njaa kubwa ya sukari hiyo hiyo, na huacha pale ulipo hali ya uchachu na upungufu wa hewa. Walinzi wanaoingia humo hukosa nguvu za kuzaana na kupigana.

4. Unawavuta wapatanishi. Miongoni mwa chembe T wako wengine ambao kazi yao halali ni kutuliza ugomvi baada ya vita kwisha. Uvimbe huwaita hawa kwa wingi, wakae karibu nao, wawaambie wengine: "Basi, tulieni, hapa hakuna neno." Hali kadhalika hutoa kemikali zinazowatuliza walinzi.

5. Unawachosha. Hili ndilo ningependa tulikumbuke kuliko yote. Chembe T imeumbwa kwa vita vya siku au wiki chache: inapigana, inashinda, wachache wanabaki kama kumbukumbu. Ikikaa mbele ya adui mmoja kwa majuma na miezi bila kumshinda, inachoka. Bado iko pale, ukiihesabu utaiona, lakini kwanza inaacha kuzaana, kisha inaacha kuwaita wenzake, na mwisho inashindwa hata kuua. Uchovu huu ukikomaa hubadilisha namna chembe yenyewe inavyosoma maagizo yake ya ndani, na nyingi hazirudi kuwa kama zamani hata ukiziondolea mzigo.

Kwa hiyo uvimbe mdogo na uvimbe mkubwa hawatofautiani kwa uzito tu. Uvimbe mdogo umezungukwa na walinzi ambao wengi wao bado wana nguvu. Uvimbe mkubwa umezungukwa na walinzi waliochoka, wenye njaa na waliodanganywa. Wiki tatu tulizopoteza mimi na yule mama zilikuwa wiki za kuongeza maadui na kuchosha walinzi kwa wakati mmoja.

UGONJWA WA MTOTO YULE

Ugonjwa aliokuwa nao mtoto yule ni mfano wa karibu kwetu sote. Unaitwa limfoma ya Burkitt. Ni kati ya saratani za watoto zinazoonekana sana huku Kanda ya Ziwa, na huwapata hasa watoto wa miaka minne hadi tisa, wavulana zaidi kuliko wasichana. Mara nyingi hutokea kwenye taya au tumboni.

Jina hilo ni la Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 aliitwa kumwangalia mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Alipoanza kuuliza aligundua kwamba watoto wa namna hiyo walikuwa wengi, na kwamba wengi walikuwa na uvimbe tumboni pia. Mwaka 1958 aliandika habari zao. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kwa gari kama kilometa 16,000, kutoka Uganda wakipita Tanganyika na kwenda hadi kusini mwa Afrika, wakiingia hospitali moja hadi nyingine, zikiwamo nyingi za misheni, wakiuliza: "Je, mmewahi kuona watoto wa namna hii?" Waliona kwamba ugonjwa ulikuwapo sehemu zenye joto na mvua, na kwamba milimani kwenye baridi haukuonekana. Yaani ulifuata njia ya malaria.

Mwaka 1964 Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong, wakichunguza vipande vya uvimbe vilivyoletwa London kutoka Uganda, waliona kirusi kipya, ambacho leo huitwa kirusi cha Epstein-Barr. Kirusi hiki huenezwa kwa mate. Hapa Afrika karibu kila mtoto hukipata akiwa bado mdogo sana, na walio wengi mno hawapati madhara yoyote makubwa. Kwa hiyo mama asijilaumu, wala asilaumiwe na wakwe. Saratani hiyo yenyewe haiambukizi. Mtoto mgonjwa anaweza kulala na wenzake na kula nao sahani moja.

Kama karibu kila mtoto ana kirusi hicho, kwa nini wachache tu wanaugua? Hapa ndipo tunaporudi kwa walinzi wetu. Kirusi cha Epstein-Barr hujificha ndani ya chembe nyeupe za aina nyingine, ziitwazo chembe B, na chembe T ndizo zinazokilinda kisitoke maishani mwote. Malaria ya mara kwa mara hufanya mambo mawili. Huzilazimisha chembe B kuzaana kwa wingi, na katika kuzaana huko kwa haraka maagizo ya urithi huweza kukatika na kuungwa vibaya. Tena huwadhoofisha walinzi. Katika miaka ya 2000 watafiti nchini Kenya waliwalinganisha watoto wa Kisumu, kwenye malaria nyingi mwaka mzima, na watoto wa Nandi, kwenye malaria kidogo. Waliona kwamba watoto wa Kisumu wa miaka mitano hadi tisa walikuwa na chembe T dhaifu zaidi dhidi ya kirusi hiki. Angalieni umri huo: ndio umri wa ugonjwa wenyewe.

Uvimbe ukishaanza, nao hutumia ile hila ya kwanza. Chembe za Burkitt kwa kawaida hutengeneza protini moja tu kuu ya kirusi, ambayo ni ngumu kwa CD8 kuitambua, na hupunguza vipande vya mlangoni. Kisha hukua kwa kasi kuliko karibu uvimbe wowote wa binadamu: unaweza kuwa mara mbili kwa siku chache tu.

Basi mama yule alikuwa sahihi aliposema mwanawe alikuwa na nguvu. Lakini zile malaria "alizopona" hazikupita bure. Kila moja iliwafanyisha walinzi wake kazi. Ndiyo maana chandarua chenye dawa, na kumpeleka mtoto akapimwe malaria siku ile ile ya homa, ni kazi ya kulinda zaidi ya damu yake.

JE, WALINZI WANAWEZA KUAMSHWA?

Ndiyo, na njia ya kwanza ni kupunguza mzigo. Limfoma ya Burkitt hutibiwa kwa dawa za kuua saratani, nyingi zikiingizwa kwenye mshipa, kwa mizunguko kadhaa. Kwa kawaida haiponi kwa kukatwa kisu. Burkitt mwenyewe na wenzake pale Kampala waliona jambo lililowashangaza: watoto wengine walipona kabisa kwa dozi chache tu za dawa, chache kuliko walivyotazamia. Wengi walifikiri kwamba dawa ilipopunguza uvimbe, kinga ya mtoto ilipata nafasi ya kumalizia kazi. Mwaka 1967 ilianzishwa pale Mulago taasisi ya saratani ya Uganda, ambayo ilianza kwa kuwatibu watoto hawa. Leo mtoto akifika mapema na akamaliza dawa zote, ana tumaini kubwa la kupona.

Njia ya pili ni mpya. Mwaka 2018 Tasuku Honjo wa Japani na James Allison wa Marekani walipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua jinsi ya kuachilia zile breki za chembe T. Dawa zilizotokana na kazi yao haziui saratani zenyewe. Huziba ile swichi isibonyezwe, mlinzi akaendelea na kazi yake. Zimewasaidia watu wenye aina fulani za saratani, kwa mfano ya ngozi na ya mapafu. Si kila saratani huzisikia, zina madhara yake, na bei yake ni kubwa mno. Kwa ugonjwa wa mtoto wetu tiba ya kawaida bado ni zile dawa za mshipani.

Nayasema haya kwa sababu ya jambo linalonisumbua. Siku hizi hupita watu na chupa na makopo yaliyoandikwa "huongeza kinga, huponya saratani". Ndugu msomaji, sasa unajua kwamba tatizo la mgonjwa wa saratani si uchache wa walinzi tu. Wapo, lakini wamefumbwa macho na kushikwa mikono. Hakuna unga wala juisi inayoachilia breki hiyo. Usiuze ng'ombe kwa ajili ya kopo. Ng'ombe huyo ndiye nauli ya Mwanza.

Chakula, hata hivyo, ni jambo la kweli. Mtoto mwenye utapiamlo husinyaa hata ile tezi ya thaimasi, na walinzi wake hupungua. Mgonjwa wa saratani apewe maharage, choroko, dagaa, mayai, maziwa, mboga na matunda, kidogo kidogo mara nyingi. Chakula hakichukui nafasi ya dawa. Humwezesha kuivumilia.

Jambo moja zaidi kwa wenye mgonjwa anayetumia dawa za saratani. Dawa hizo huua chembe zinazozaana haraka, na kwa muda hupunguza hata chembe nyeupe zilizo nzuri. Siku hizo mgonjwa ni kama kijiji ambacho sungusungu wote wamesafiri. Akipata homa akiwa nyumbani, usingoje kesho wala usimpe vidonge ulivyonavyo. Mrudishe hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku, na useme mlangoni: "Huyu yuko kwenye dawa za saratani."

UPANDE WA PILI WA JAMBO HILI

Tumeona kwamba saratani hudhoofisha chembe T. Kinyume chake ni kweli pia: chembe T zikidhoofika kwa sababu nyingine, saratani hupata mlango. Hili tumeliona wazi kwa UKIMWI. Virusi vya UKIMWI huua CD4, na wagonjwa wengi wa miaka ya nyuma walipata madoa meusi ya saratani iitwayo Kaposi. Mwanamke anayeishi na virusi hivyo ana hatari ya saratani ya mlango wa kizazi mara sita hivi kuliko asiye navyo. Anayemeza dawa zake kila siku bila kuruka hulinda CD4 zake, na kwa kufanya hivyo anajikinga na saratani hizo.

Akina mama, upimaji wa mlango wa kizazi kwa siki huchukua dakika chache. Na wazazi, chanjo ya kuzuia virusi vinavyosababisha saratani hiyo ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 ilianza kutolewa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, dozi moja tu. Chanjo hii huwafundisha walinzi sura ya mwizi kabla hajafika kijijini. Haizuii kuzaa. Nimeulizwa hilo mara nyingi, hata kwenye jumuiya yetu, na jibu langu ni hilo hilo.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Mpeleke mtoto hospitali, si dukani, ukiona mojawapo ya haya:

– Taya au shavu linalovimba bila maumivu makali, au meno yanayocheza kwa mtoto ambaye si wakati wake wa kung'oka meno hayo.
– Tumbo linalokua upande mmoja, au uvimbe unaoushika kwa mkono unapomwogesha.
– Jicho linalosukumwa nje, au mboni inayong'aa nyeupe kama jicho la paka usiku.
– Tezi za shingoni, kwapani au kinenani zilizovimba na hazipungui.
– Miguu inayolegea ghafla, au mtoto aliyekuwa anatembea akashindwa.
– Homa, kukonda au kupungukiwa damu kunakorudi hata baada ya matibabu.

Dalili hizi nyingi huwa na sababu nyingine ndogo. Mara nyingi jino ni jino kweli. Lakini uvimbe uliopewa dawa ya usaha na haukupungua ndani ya wiki moja usipewe dawa ya pili. Upelekwe mahali wanapoweza kukata kinyama kidogo na kukipima. Kukata kinyama hakueneza saratani, kama wengi wanavyoogopa. Kuchelewa ndiko kunakoipa saratani nafasi ya kuenea.

Usichanje uvimbe kwa wembe, usiukande, usiufunge dawa za kuchoma. Usingoje pamba iuzwe. Najua maana ya maneno haya kwa mkulima wa kwetu, maana nami nimelelewa kwa pamba. Lakini kutoka mwezi wa pili hadi msimu wa kuuza ni miezi, na uvimbe wa namna hii huhesabu siku. Ukifika hospitali huna fedha, uliza ofisi ya ustawi wa jamii kabla ya kukata tamaa. Wazee wa ukoo nao, kikao cha kuamua kama mtoto aende Mwanza kifanyike jioni moja, ili asubuhi mama awe ndani ya basi la kupitia Lamadi.

Na sisi wauguzi tunalo letu. Tangu siku ile, kwenye benchi letu mtoto mwenye uvimbe wa taya haondoki bila kupapaswa tumbo, na mama yake haondoki bila kuambiwa siku ya kurudi.

Mtoto yule alimaliza mizunguko yote ya dawa, mama yake akiwa naye Mwanza miezi kadhaa huku shamba likilimwa na majirani. Uvimbe uliisha. Sasa yuko shule, na ndama wa babu yake ndiye anayewachunga Jumamosi. Jicho la kushoto halioni vizuri. Anaposoma huinamisha kichwa upande mmoja, na kila anapokuja kliniki kuangaliwa namwona akifanya hivyo.

Ukiona uvimbe kwa mtoto wako, au kwa mtoto wa jirani, mpeleke ukiwa bado mdogo, walinzi wake wakiwa bado wana nguvu.